Saba, Tano, Tano

Winnipeg, Januari, nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.
Gari la jirani limechomekwa kwenye umeme kama simu,
lisije likagandia hapo hadi Aprili.
Saa saba ya usiku. Nimetoka kupika uji
wa wazee wasio na meno, mikono bado inanuka shayiri,
nimefungua kompyuta aliyoitupa Byamungu,
mtoto wa marehemu dada yangu,
baada ya kuimwagia soda.

Herufi ya Q haibonyezeki,
na bila Q hutoki ndani ya vi.
Usiku wa kwanza nilinaswa humo hadi alfajiri,
nikang'oa waya ukutani kama mtu anayezima moto.

Orest alicheka hadi miwani ikamwanguka.
Alitunza taa za reli miaka thelathini na minane;
sasa Jumamosi hufundisha bure maktabani.
"Z kubwa mara mbili," akasema, "utatoka."
Akasema tena:
"Ukiona alama ya dola, wewe ni mtu wa kawaida.
Ukiona alama ile ya mistari kama reli,
umekuwa mzizi wa mashine:
simama, tazama kushoto, tazama kulia.
Treni hiyo haina breki na dereva ni wewe."

Amri ikifanikiwa haisemi kitu.
Hilo lilinitesa wiki nzima.
Nabonyeza, kimya. Nadhani nimekosea,
narudia, ndipo naharibu kweli.
Sisi kwetu hata anayepiga chafya hupewa neno!
Kumbe ni adabu ya mama mkwe wangu,
aliyekula pilau yangu miaka tisa bila kunena,
na sahani ikirudi nyeupe.

Mchakato uliokwama, usianze na tisa.
Anza na kumi na tano: bisha hodi,
uuache ukusanye virago vyake.
Tisa ni kuvunja mlango.

Na mchakato mzazi ukifa
watoto hawaachwi wakazurura:
huchukuliwa na namba moja.
Mstari huo niliusoma mara tatu,
nikainuka kumtazama Byamungu amelala,
miguu imepita ncha ya kitanda.

Kusoma ni nne, kuandika mbili, kutekeleza moja.
Mwenyewe, kundi, wengine.
Safu ile ya tatu sikuhitaji kufundishwa,
nimeishi humo miaka sita:
soma fomu, soma tangazo, soma uso wa karani,
kalamu wanayo wao.

Jana, kwa usingizi, niliandika sifuri tatu
juu ya folda yangu yote ya mazoezi.
Nikataka kuingia.
Ruhusa imekataliwa.
Ndani ya mashine yangu, kwa jina langu,
ruhusa imekataliwa.
Nikakumbuka Desemba, mlango ulivyojifunga nyuma yangu,
mfuko wa taka mkononi, kandambili miguuni,
nikigonga dirisha la chumba changu mwenyewe.

Nikarudi nyuma hatua moja, nikaomba orodha ndefu.
Vistari tisa, kama kitana kilichong'oka meno yote.
Na kando yake, kwa herufi ndogo,
nabintu.

Halikufutika.
Sikuwa na ruhusa ya kusoma changu
wala ya kukigusa,
lakini changu kilikuwa bado changu,
na mwenye kitu, hata akijinyima,
hamwombi mtu ili ajirudishie.

Saba, tano, tano.

Kimya.

Mtihani ni Alhamisi, barabara ya Portage, ghorofa ya nne,
ada hairudishwi.
Nimeyaandika haya yote ndani ya vi,
nisije nikasahau.
Huko nje waya wa gari la jirani unagonga ukuta kwa upepo.
Z kubwa.
Z kubwa.
Nimelala.