Nimeagiza Changu

Baa ya Mutinda, Changamwe, nyuma ya gereji ya malori,
ubao wake ulipoteza herufi kwa mvua ya mwaka juzi:
umebaki ARIBU, bila K,
nasi twaingia hivyo hivyo, tumekaribishwa nusu.

Jioni ya kwanza nilitoka zamu bandarini
na vumbi la klinka kwenye nyusi.
Nikaketi meza ya kona, ile yenye mguu mfupi
ambapo chupa hukufuata zenyewe mapajani.
Dada, nikasema, nipe changu. Wa kukaanga, ukwaju kando.
Akasema: Chako hakijafika.
Nikasema: Changu. Samaki.
Akasema: Nimesikia. Chako hakijafika.
Akaniletea mbaazi.

Jina lake Mghoi. Hatembei, huwasili.
Bia hakuulizi moto au baridi,
hukutazama shingo, ukitoka jasho utapewa baridi,
ukitoka kugombana nyumbani utapewa moto, uinywe polepole.
Ukiita "wewe!" anakuwa kiziwi.
Ukipiga makofi, anapiga makofi naye, anaenda zake.

Shikuku wa karakana asema huduma ya hapa ni kama kesi,
yaahirishwa mpaka umesahau ulishtaki nini.
Penina wa saluni amerudisha kuku mara mbili:
huyu, asema, hakuchinjwa, huyu alistaafu.
Mimi nililalamika kwa Mutinda mwenyewe,
nikagonga kaunta kwa ufunguo:
wiki tatu naagiza samaki, wiki tatu nala mbaazi!
Mutinda akapangusa glasi iliyokuwa safi tayari.
Huyo? akasema. Mimi mwenye baa nikiagiza nyama
huniletea daftari la madeni.

Halafu mwezi ukaisha.
Sijafungua mdomo, sahani ikatua:
changu mzima, mkia umevuka ukingo,
ngozi imepasuka mistari mitatu, ukwaju kando.
Nikainua macho. Nyuma ya kaunta, kwenye kalenda ya duka la simiti,
tarehe ya mshahara imezungushiwa wino mwekundu.
Si ya mshahara wake. Ya wetu, wa bandarini.
Kumbe alikuwa akinisoma mfuko toka mlangoni.
Mwezi huo nililipa kodi bila kukopa kwa shemeji,
na bado nikamwambia sima ina madonge.

Hivyo tukaishi, miaka minne.
Mbaazi, mbaazi, mchicha, mbaazi,
changu.

Mwezi wa nane, tarehe kumi na moja,
walisoma majina getini. Langu lilikuwa la nne.
Msomaji alilitamka vibaya, sikumsahihisha.
Nikatembea mpaka kwa Mutinda, koti la kazi begani,
kana kwamba kuna mtu angenidai koti.
Sikumwambia mtu. Nikaomba maji.
Ya bomba, nikasema.

Mghoi akaniletea changu.

Mkubwa kuliko wa mwisho wa mwezi wowote,
na sima, na kachumbari, na ndimu mbili zimekatwa.
Sikuagiza, nikamwambia.
Najua. Leo ni chako.
Nani atalipa?
Kula, mafuta yasigande.

Nikageuka. Shikuku alikuwa akibandua karatasi ya chupa
kwa makini ya mtu anayeshona jeraha.
Penina akatazama dari, akaisifu feni,
feni ambayo haijazunguka tangu Pasaka.
Mutinda akapangusa glasi.

Nikala. Nikala mgongo, nikala tumbo,
nikachokoa nyama ya shavuni kwa kidole,
nikanyonya mifupa mmoja mmoja
ili nisipate nafasi ya kuinua uso.
Nilipomaliza nikamwita, sauti imenikauka:
Mghoi. Chumvi imezidi.

Akachukua sahani, akafuta meza,
akasukuma kizibo chini ya mguu ule mfupi.
Njoo ulalamike kesho, akasema.
Kesho kuna mbaazi.