Chupa Tano Dirishani

Mvua ikikatika nashuka na kapu:
chupa tano za waragi, nimeziokota kwa Mudebo,
nimezisugua kwa jivu hadi zikasahau kilevi.
Kijito chetu ramani haikijui.
Sisi twakiita Nasufwa; mtoto hukivuka kwa hatua mbili.

Ya kwanza naijaza juu, msitu unapoishia.
Ikilala dirishani usiku mmoja
mashapo yake ni mstari tu, wanja wa bibi harusi.
Ya pili, chini ya migomba ya Khainza,
mibuni yake imefunikwa miguu kwa majani makavu:
unene wa ukucha.
Ya tatu, pale wanapooshea pikipiki.
Ya nne, chini ya mikaratusi ya mwalimu,
ambako hata nyasi zimekataa kuota:
kidole kizima, chekundu.

Wapita njia hucheka.
"Nandudu, tope limeadimika hadi unaliweka akiba?"
Nami hucheka. Siwaambii kwamba zamani
tuliinua mawe haya, kaa wakatoka mbio upande upande,
na sasa mawe hayainuki, yameshikwa,
na walima mpunga wa bondeni huko
wanafukua mashamba yetu kutoka ndani ya mashamba yao.

Ya tano huwa naiacha mwisho.
Si mbali. Ni chini ya vitunguu vyangu.
Mwaka ule wa karo ya Wamono
niling'oa mabingobingo kwenye makinga maji,
safu moja, halafu nyingine, halafu sikuhesabu,
nikalaza matuta yafuate mteremko, maji yapite haraka.
Yalipita.
Vitunguu vilinenepa, bei ya Mbale ilikuwa nzuri,
mtoto akasoma. Silii.

Lakini nilijaza Ijumaa, na leo Jumatatu
chupa ya tano bado haijatulia.
Tope limefika nusu, na juu yake,
jembamba kama ngozi ya kope,
ganda moja la kitunguu.
Kijito hakimtaji mtu kwa jina.
Mimi hakikunihitaji jina.

Jioni nilikwenda kwa Khainza kuomba vipando vya mabingobingo.
"Si ulikuwa navyo?" akauliza.
Nikatazama mawingu upande wa Wanale,
nikasema mvua iko karibu, unipe vingi.