Mizani ya Sikonge

Mama huwaambia majirani wa Cheyo: mwanangu anaandika kodi.
Basi hunisalimu kwa heshima yenye woga,
wakidhani nimeajiriwa na watoza ushuru.
Siwasahihishi.
Miaka sita nimeishi na programu moja
ya chama kimoja cha akiba na mikopo,
chumba cha nyuma, feni ya mezani, chai saa nne.
Naijua kama nilijuavyo giza la chumbani kwangu:
hapa kitanda, hapa ndoo,
hapa kona ya meza inayouma goti.
Ikikohoa, dawa ninayo.
Hali hiyo nikaiita ubingwa.

Kalunde Nsabi hakuiita hivyo.
Alitumwa na chama cha warina asali
kutafuta mtu wa kuwajengea mfumo wa mizani.
Akavuta kiti, akaisoma kazi yangu mstari kwa mstari,
kidole juu ya kioo,
kama mtu achambuaye mchele kwa ajili ya wageni.
Hakusema mbaya, hakusema nzuri.
Aliuliza:
"Huu hapa, ulikuwa unaogopa nini ulipouandika?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.
Na jibu nilikuwa nalo.

Nikamwambia, dada, mambo ya mizani sijawahi.
"Ndiyo maana," akasema,
akafunga mkoba.

Miezi miwili baadaye, Sikonge.
Ghala la bati, ndoo zimepangwa hadi barabarani,
nyuki wachache waliokataa kuachana na mali yao.
Nyamizi, karani wa zamu, akagusa kitufe changu
na kitufe hakikusikia:
vidole vyake vilikuwa asali tupu.
Akajaribu kwa kifundo. Akajaribu kwa kiwiko.
Mimi vitufe nilivichora Tabora mjini,
vidogo, vizuri, kwa vidole vilivyonawa.

Saa nne na robo mtandao ukafa.
Uliporudi, ndoo ya thelathini na saba ilikuwa imezaa pacha:
Masele Lugoye analipwa mara mbili,
jirani yake halipwi kabisa,
na foleni yote imegeuka kunitazama
kwa ile adabu inayouma kuliko tusi.

Kalunde alikuwa amekalia ndoo tupu iliyopinduliwa,
anatafuna karanga.
Nilimtazama. Akaniona.
Akamenya nyingine.

Nilimchukia kwa dakika arobaini.

Katika dakika hizo niliomba daftari la Nyamizi,
nikaandika kwa kalamu, nikafuta, nikaandika:
kila ndoo ipewe jina lake kabla haijaenda popote,
ikae ndani ya simu, ingoje mtandao,
na ikipita mara mbili, mlangoni iulizwe,
wewe si ulishaingia?
Mikono ilitetemeka. Ikafanya kazi.
Vitufe nikavifanya vikubwa kama maandazi.

Fuata nyuki ule asali, walisema.
Katikati ya nyuki na asali pana kipande kirefu,
hicho wakakimeza.

Nilipokuwa mdogo tulikaa karibu na stesheni.
Usiku treni ya bara ilipofika, ilikatwa:
mabehewa haya Mwanza, yale Mpanda, yale Kigoma.
Chuma kilipiga kelele nikajifunika shuka,
nikidhani inaumizwa.
Labda ilikuwa inaumizwa.
Lakini asubuhi reli ilikuwa nyeupe, tupu,
na kila behewa lilikuwa njiani kwake.

Kalunde sasa yuko Kigoma, kwenye mfumo wa bandari
ambao, aliniandikia, hauelewi hata kidogo,
na anajisikia kijana.
Kwangu ameacha binti mmoja, Sizya, miaka kumi na tisa,
mwepesi, mbishi, hanawi mikono akila muhogo.
Leo amefuta hifadhidata ya majaribio, yote,
na ameketi kimya, masikio yamemwiva,
ananitazama.

Kosa nimeliona. Mstari wa kumi na mbili.
Ningeweza kulisema kwa pumzi moja.

Nimepindua ndoo, nimekaa.
Natafuna karanga.
Ulimi unaniwasha.