Njia ya Panya

Eloy alikata vitasa vyote viwili
vya Chevrolet ya mwaka hamsini na moja,
akaziba matundu kwa bati, akachomelea, akapiga msasa
hadi ubavu ukateleza kama yai lililomenywa.

Ndani ya mlango, sumaku ya umeme:
koili ya shaba, waya mwekundu, fyuzi,
na kitufe mfukoni mwake.
Ukibonyeza, tak!, mlango unaitika.
Nusu ya Española ilikuja kuisikia hiyo tak.

“Na betri ikifa?” Delfina aliuliza.
“Nimeacha njia ya panya.”
“Wapi?”
“Panya anajua.”

Betri imekufa.
Panya naye alitangulia Januari, theluji ikianguka.
Gari limekaa gereji, linang'aa, halina pa kushika.

Delfina amelala chali kwenye saruji baridi,
tochi mdomoni, vidole vikipapasa
nyuma ya gurudumu, juu ya chasisi,
katika grisi aliyoipaka marehemu.
Hapa: waya wa breki ya baiskeli,
na kwenye ncha yake, badala ya pete,
kifungo cha gauni lake la kijani,
kile alichokitafuta mwaka mzima
akimlaumu dobi.

Amekishika.
Hajavuta.