Nyasi za Zabibu

Kaskazi imeingia Pongwe
na Zabibu ameanza.
Siyo kikohozi cha kupaliwa.
Ni kile cha alfajiri, kikavu, mara mbili, mara tatu,
kisha anaishusha shingo
kama mtu aliyedondosha sarafu gizani.

Kilua kaja na guta, marobota manne.
"Kavu kabisa, dada. Za Maramba hizi, hazijaonja mvua."
Ndiyo hofu yangu, Kilua.
Shusha moja. Kata kamba.
Nalivuta hadi mlangoni, jua linapopenya,
nalipiga kofi.
Moshi. Moshi usio na moto,
unaelea, unazunguka, hauna haraka ya kutua.
Kilua anatazama pembeni, anajikuna kisogo.

La pili nalizamisha mkono mpaka kiwiko.
Katikati lina joto.
Nyasi zilizofungwa mbichi hazisahau.
Nachomoa shada, nanusa:
sanduku la nguo za marehemu,
na unga mweupe kwenye vifundo.
Hizi hata mbuzi wa jirani usimpe.

La tatu mashina matupu, fito za kujengea.
La nne, haya,
la nne lina kijani kilichochoka kidogo,
majani kuliko mashina,
na harufu ya chai isiyotiwa kitu.
"Hili moja," nasema.
"Saisi gani wewe, unachagua nyasi kama unachagua kitenge?"
Nalipa. Simjibu.

Daktari Shekalaghe alikuja Jumatano kwa pikipiki,
akaweka sikio ubavuni mwa Zabibu
akakaa hivyo mpaka nzi wakamzoea.
Dawa ipo Dar, akasema, na bei yake ipo huko huko.
"Ila loweka. Loweka nyasi, mlishie chini,
siyo kwenye hori la juu. Pua ipate njia ya kuchuruzika.
Na ukifagia banda, mtoe nje kwanza."

Basi pipa, maji ya kisima, nusu saa.
Maji yanageuka rangi ya kutu
na mimi nayamwaga mbali, kwenye mipapai,
nikiona yote ambayo yangeingia kifuani.

Mama alifanya kazi chumba cha brashi,
miaka kumi na tisa, ng'ambo ya reli.
Singa za mkonge zilipita mbele yake zikichanwa
na vumbi likampaka nyusi uzee
kabla uzee haujafika.
Jumapili kifua kilimwachia kidogo.
Jumatatu kilifunga.
Sisi watoto tuliijua Jumatatu kwa sauti yake,
kabla ya king'ora cha kiwanda.
Kanga puani: hiyo ndiyo iliyokuwa dawa.
Hakuna aliyeibeba hewa ile mpaka mlangoni,
akaipiga kofi juani,
akasema: hii hapana.

Sisemi farasi ni mama.
Mama angenicheka hadi akohoe.
Farasi hakuwapenda; wanakula, alisema,
mshahara wa watu watatu.
Na kweli wanakula.
Nimepiga hesabu ya nyasi za mwezi huu,
nimeirudia, nikaifuta kwa kidole kwenye vumbi la ukuta,
na vumbi likaniingia, nikapiga chafya,
Zabibu akageuka kunitazama
kana kwamba zamu yake imechukuliwa.

Saa kumi na moja alfajiri.
Midomo yake inachirizika maji, anatafuna polepole,
pua chini, karibu na miguu yangu.
Amekohoa mara moja.
Nasimama na ufagio, sifagii.
Nangoja ya pili.

Kengele ya guta nje.
Kilua leo kaleta marobota mawili tu,
na kamba zake amekwisha kuzikata mwenyewe.