Taa za Pikapu, Newala

Somoe fundi umeme hakunisemesha.
Alilala chali chini ya pikapu, bisibisi mdomoni,
akazing'oa taa za marehemu baba
moja moja, kama magego yaliyooza.
"Zinakula betri hizi," akasema baadaye,
"na ukipakia korosho usiku unaendesha kwa kukisia."

Kweli. Mara ngapi nimeshuka mteremko wa Kitangari
kona nikiijua kwa harufu ya mabibo tu.

Akafunga ledi: mbele, nyuma, ubavuni,
kijitaa kimoja juu ya namba.
Indiketa ikapepesa mbiombio
kama jicho la mtu anayetafuta uongo;
akacheka, akatia rezista, ikatulia.

Usiku nikawasha.
Weupe ukamwagika hadi ukuta wa ghala la ushirika,
nikasoma alama za magunia toka barabarani,
mbuzi wa Chilumba akasimama, macho mawili ya kijani.
Nikajiona tajiri.

Alfajiri ukungu ukapanda kutoka bonde la Ruvuma.
Nuru ikaenda hatua tatu, ikanirudia usoni:
shuka limeanikwa katikati ya njia.
Hata boneti sikuiona.

Saa moja nilikuwa mlangoni kwa Somoe.
Hakuuliza. Akafungua kopo la maziwa,
akatoa taa moja ya baba, ile ya manjano,
imeviringishwa kipande cha kanga.

"Hii tunaifunga chini kabisa," akasema,
"karibu na vumbi.
Ukungu hautaki ubabe."