Daftari la Mezani, Tukuyu

Mvua ya tatu leo. Bati linanikata kalima
kila nikitaka kusema "kimya, tafadhali."

Mezani kuna daftari, kalamu nimeifunga kwa uzi:
uliza, nami nitatafuta.

Ukurasa wa nne, Mwakalukwa wa Masoko:
"Viazi vyanyauka majani yangali mabichi. Dawa gani?"
Nikamjibu kwa kitabu cha mwaka sabini na nne,
nikagonga na mhuri.

Jumatatu nakuta jibu langu limekatwa
kwa wino wa kijani:
"Dawa hiyo haiuzwi tena. Ng'oa shina zima, choma.
Msimu ujao panda mahindi hapo. Sekela, Kiwira."
Chini yake mwingine, kwa penseli:
"Na jembe lioshwe."

Niliona haya, sikatai. Miaka kumi na tisa
najiita mlinzi wa majibu.
Kisha nikayanakili yote,
na langu lililokatwa,
nikayabandika kwenye rafu ya kilimo.

Leo kuna mwandiko wa mtoto, herufi zimelala:
"Ziwa Ngosi lina kina gani, na nani alizama kupima?"

Nimeandika: sijui.
Nikaacha mistari kumi mitupu,
nikaichonga ile penseli.